Mtoto Aende Chuoni, Shamba Libaki

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi mbele ya Mkutano wa Sikukuu ya Miaka 10 ya Chama Kikuu



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kusema juu ya bei ya kahawa, mbolea na ghala. Mimi nimeombwa niseme juu ya elimu ya watoto wetu, nami nimechagua swali moja tu ambalo wanachama huniletea ofisini kila msimu malipo yanapotoka. Huliuliza kwa sauti ya chini: "Bwana Katibu, je, yanipasa niuze shamba nihamie mjini na jamaa yangu yote, ili watoto wapate kufika Chuo Kikuu?"

Swali hili si la mtu aliyechoka jembe. Ni la mzazi ampendaye mtoto wake, tena mwenye pato dogo, ambaye akikosea mara moja hana akiba ya kukosea mara ya pili. Kwa hiyo latupasa tulijibu kwa hesabu, wala si kwa maneno matamu.

Kwanza tumtendee haki huyo atakaye kuhama. Sababu zake ni za kweli. Mjini umeme hupatikana kwa urahisi zaidi, na walimu wa hesabu na sayansi ni wengi kuliko kwetu. Mtoto wa kijijini asomaye sekondari ya kutwa aweza kutembea mwendo mrefu asubuhi na jioni, akafika nyumbani amechoka, na kitabu chake ni kimoja kwa watu watano. Mwenye kuyakana haya hajapata kuwa na mtoto shuleni.

Lakini tuulize: mlango wa chuo hufunguliwa kwa ufunguo gani? Katika nchi yetu ya Tanzania ufunguo ni alama za mtihani. Kijana akifaulu vizuri kidato cha nne, Serikali humpangia shule ya kidato cha tano, nayo yaweza kuwa mkoa wowote. Nyingi kati ya shule hizo ni za bweni. Mtoto wa Mbozi aweza kupelekwa Tabora, na wa Dar es Salaam akaletwa Songea. Basi mzazi aliyehamia Mbeya ili akae karibu na shule aweza kujikuta yeye yuko Mbeya, na mtoto yuko Tabora! Baada ya kidato cha sita, kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni kufaulu masomo makuu 2 yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Masomo mengine hudai zaidi ya hapo. Lakini hakuna mahali ambapo mwombaji hupewa pointi kwa kuwa baba yake amepanga nyumba mjini.

Tena vyuo vyenyewe vimesogea. Zamani vijana wetu wachache walikwenda Makerere, Uganda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kilianza na wanafunzi 14 tu wa sheria, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1984 kilisimama Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro. Mwaka 2005 Mkwawa, Iringa. Mwaka 2007 Dodoma. Na mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963 kwa ajili ya watu kama sisi, kikawa Chuo Kikuu kamili mwaka 2014. Mzazi ahamie mji upi kati ya hiyo? Hawezi kujua kabla ya wakati mtoto atapokewa wapi.

Sasa tuje kwenye fedha. Tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imeondolewa katika shule za Serikali, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo imeondolewa. Kwa elimu ya juu ipo Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Katika mwaka huo wa 2022/23 fedha za chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mwaka uliofuata baadhi ya wanafunzi wa stashahada, katika fani kama afya, ualimu na kilimo, nao walianza kukopeshwa. Mkopo si zawadi: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize deni. Walakini hutolewa kwa kutazama uhitaji, na mkulima wa pato dogo hana haja ya kuhama ili aonekane mhitaji.

Tulinganishe na gharama ya mjini. Tuseme chumba kimoja ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Jamaa ya watu sita haitoshi katika chumba kimoja. Vyumba viwili ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, na mara nyingi mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hapo hatujanunua unga, maharage, kuni wala maji, vitu ambavyo nyumbani havina risiti na kwa hiyo twavisahau katika hesabu. Shamba letu hutulisha kwanza, ndipo likatuletea fedha. Mwenye kuliuza huuza mshahara wake na ghala lake siku moja.

Nanyi mwajua kuliko mimi kwamba mche wa kahawa hukaa miaka 3 hivi kabla ya kuzaa mavuno ya maana. Shahada nyingi nazo ni za miaka 3. Basi mtu aliyeuza mibuni yake, mji ukamshinda, akarudi kuanza upya katika ardhi nyingine, atangoja mavuno ya kwanza kwa muda ule ule ambao mtoto angeanza na kumaliza masomo. Katika miaka hiyo mitatu, nani atampelekea mtoto nauli?

Bwana Mwenyekiti, sisemi kwamba kuhama ni kosa siku zote. Mtoto mwenye ulemavu ambaye shule imfaayo iko mjini tu, huyo ana haki ya kufuatana na mzazi. Mzazi aliyekwisha kupata kazi ya kudumu, aliyepima kodi na chakula akaona pato linatosha, naye asizuiwe. Lakini hata hao nawasihi: atangulie mzazi mmoja, wengine wabaki mpaka mwaka uishe na hesabu ionekane. Shamba likodishwe kwa maandishi, mbele ya Halmashauri ya Kijiji, lisiuzwe. Na hisa katika Chama ziachwe mahali pake.

Yako mambo ambayo kwa kweli humnyima mtoto wetu chuo, na hayaponywi kwa kuhama. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini kila mwaka huketi na watoto wa wanachama tukijaza maombi kwa intaneti, nami nimeona wanakokwama. Hukwama kwenye karatasi. Cheti cha kuzaliwa hakipo, au jina la kwenye cheti si lile la shuleni. Cheti hicho hapana budi kihakikiwe na RITA. Na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi vilevile. Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi Julai, na maombi ya vyuo na mikopo hufanywa katika miezi hiyo hiyo, wakati mikono yetu yote imo katika kuchuma na kukoboa. Mtoto mwenye pointi 10 akipitwa na tarehe, pointi zake hazimsaidii mwaka huo.

Basi, badala ya kila jamaa kubeba mzigo peke yake, naomba Mkutano huu ufikiri mambo matatu. La kwanza, kila chama cha msingi kiweke siku ya karatasi kila Januari, vyeti vya watoto wa kidato cha nne na cha sita vitazamwe mapema. La pili, SACCOS yetu ifungue akiba ya masomo, ikatwe kidogo kidogo katika malipo ya kahawa, isitolewe ila kwa nauli, vitabu na mahitaji ya muhula wa kwanza, kwa sababu fedha za mkopo zaweza kuchelewa na mtoto asilale njaa. La tatu, sehemu ya ziada ya Chama itumike kupanga chumba karibu na sekondari ya kata, chenye taa na vitabu, na kumlipa mwalimu wa hesabu saa za jioni. Wale waasisi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walikuja kutenga asilimia 2 na nusu ya ziada yao kwa elimu, nao walikuwa watu wa mishahara midogo. Taa, mwalimu na vitabu ndivyo tunavyovifuata mjini. Vikiletwa hapa, watapata watoto wote, hata yule ambaye baba yake hana shamba la kuuza.

Wanachama wenzangu, mtoto na aende mbali kadiri alama zake zitakavyompeleka. Sisi tubaki tukimwagilia mti unaomlipia nauli.

Naomba wajumbe wayajadili mambo haya matatu kabla ya msimu ujao kufunguliwa.