WOTE WABAYA? NA WEWE JE?

Vijana wenzangu wa Kasulu na Kibondo, vijiweni nasikia: "Wote walewale, kura ya nini?" Hasira naielewa. Mwaka 2010 mliwapa NCCR-Mageuzi Muhambwe, Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini. Mwaka 2016 Moses Machali wa Kasulu Mjini, akiwa ameshaukosa ubunge, akahamia CCM. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo hata kwenye karatasi.

Kuhama kwa mtu si dhambi yako. Lakini kumbuka Tabora, Januari 1958. Mkoloni alimtaka mpiga kura achague watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi ndani ya TANU walitaka kususa. Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaunda chama chake. Wote wawili walisimama hadharani wakaeleza kwa nini. Uchaguzi wa 1960 sharti la kura tatu halikuwepo.

Basi ukisusa, sema. Simama kwenye mkutano wa kijiji, uulizwe, ujibu. Maana sheria yetu haidai idadi ya chini: wakienda kumi, hao kumi ndio watakaokuchagulia mbunge.

Ila wewe uliyekabidhi kichinjio chako kwa fulana na elfu tano, ukarudi kijiweni kutukana wagombea! Ndugu yangu, aliyekupa ile fulana ulimuuliza nini?