Uchawi ni dhambi, na kuua kwa dhana je?



Ndugu zangu vijana, sisi wa Kisii na Nyamira neno "omorogi" tumelisikia kabla hatujajua kusoma. Mtoto akiugua ghafla, utasikia bibi fulani keshatajwa. Mei 2008 wazee 11, wanawake 8 na wanaume 3, walichomwa moto huku kwetu Kisii. Oktoba 2021 kina mama wanne wakauawa Marani.

Wengine watasema, "Si Uislamu unakataza uchawi?" Naam, unakataza. Mtume (s.a.w.) ameutaja katika madhambi saba yenye kuangamiza, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Lakini isome mpaka mwisho, ndugu yangu. Baada ya uchawi tu linakuja la kuua nafsi bila ya haki. Kula mali ya yatima nako kumo. Sasa jiulize, bibi akishachomwa, shamba lake linakwenda kwa nani?

Suratul Hujurat inatutaka tuhakikishe habari na tujiepushe na dhana. Hata sheria ya uchawi ya Kenya, ya tangu 1925, inasema kumshutumu mtu uchawi ovyo, bila kupeleka habari kwa chifu au polisi, ni kosa la kufungwa.

Basi wakija usiku kukuita, usitoke nao. Mpigie chifu simu. Na magharibi mpelekee bibi huyo futari, kijiji kizima kikuone.

Wabillahi tawfiq.