Mianzi Shambani: Chakula na Nyuzi

Wasikilizaji wetu wa Vitongoji na Pemba nzima, leo tunazungumzia mianzi.

Kule Iringa na Njombe mianzi hugemwa pombe ya ulanzi. Hiyo tuiache huko huko! Sisi tutazame machipukizi, ambayo China ni mboga ya kila siku. Yakatwe yangali mafupi, kama urefu wa mkono hadi kiwiko, kabla hayajakakamaa. Menya maganda mpaka ufikie nyama nyeupe, katakata vipande vyembamba, chemsha vizuri, kisha maji yale yamwagwe. Usionje mabichi: yana sumu ya jamii ile ile iliyomo kwenye muhogo mchungu. Baada ya hapo, tui la nazi litafanya kazi yake.

Kuhusu nyuzi, tusidanganyane. Nguo ya mianzi karibu yote hutengenezwa viwandani kwa dawa kali, na kiwanda hutaka shehena kubwa. Mwenye nusu eka aanze na wanunuzi wa karibu: wasuka madema na vikapu, na wajenzi.

Tukija kwenye kupanda, kwa upande wa maweni, ambako jiwe liko juu, tafuta bonde lenye udongo wa kina. Panda masika, shina hadi shina mita 5. Mwanzi wa kuuza uwe umetimiza miaka 3. Ulio mchanga hubunguliwa upesi. Ukishakata, uloweke majini wiki kadhaa utoe utamu unaowavuta wadudu, halafu uanike kivulini, umesimama.