Nyasi na Vichaka Katika Uwanja wa Gofu ya Visahani

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha kujadili matumizi ya bustani za umma)



Gofu ya visahani ni mchezo wa kurusha kisahani cha plastiki, hatua kwa hatua, mpaka kiingie katika kikapu chenye minyororo. Anayetumia mirusho michache ndiye mshindi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka wa 1975 huko Oak Grove, karibu na Pasadena, California, kwa juhudi za Ed Headrick. Vikwazo vyake ni miti ya mialoni, na mpaka leo viwanja vingi hutumia miti na miteremko iliyopo. Hakuna haja ya kusawazisha ardhi, na hapo gharama hupungua sana.

Lakini kinachoota hakikai vile vile. Mwezi wa Februari, nyasi zikiwa fupi na kavu, kisahani kinachotua chini huteleza, na kikitua kwa ukingo hubingirika hadi korongoni. Mchezaji hurusha chini chini na kuiachia ardhi imalizie safari. Mwezi wa Mei, baada ya masika, nyasi zimefika magotini na kisahani husimama palepale kilipoangukia. Sasa lazima arushe juu, kwa nguvu zaidi, hadi karibu na kikapu. Njia ni ile ile, mchezo umekuwa mwingine.

Katika nyanda za juu mhusika mkuu ni nyasi ya kikuyu. Hutambaa juu na chini ya udongo, ikajisokota kama godoro. Wacheza gofu ya kawaida wa Riviera, Los Angeles, wanaijua vizuri nyasi hii iliyotoka Afrika Mashariki: hunasa fimbo. Kisahani nacho, kwa kuwa ni bapa, huingia chini ya godoro hilo kisionekane hata na aliyekikanyaga. Kanuni zinatoa dakika tatu za kutafuta. Kisipopatikana, mchezaji huongezewa mrusho mmoja na kurudi aliporushia. Kikipatikana kichakani, haruhusiwi kuvunja wala kukunja matawi ili apate nafasi.

Alama si hasara kubwa. Kijana akipoteza visahani viwili alivyoazimwa, huenda asirudi tena. Wanaotafuta hupasua vinjia vichakani, mahali penye kupe na nyoka. Katika maeneo kame kuna mathenge, na miiba yake hupenya soli ya kiatu.

Jibu la haraka ni kufyeka kila kitu. Hilo ni kosa. Udongo ulioachwa wazi kwenye mteremko huondoka na mvua ya Aprili, na kuzunguka vikapu miguu ya watu imekwisha kuua nyasi. Afadhali kazi ielekezwe pale visahani vinapotua kwa wingi, pamoja na mita chache kila upande, na nyasi ndefu zibaki mbali kama mpaka. Chini ya vikapu huwekwa vipande vya mbao, na kikapu kihamishwe mara kwa mara ili ardhi ipumzike. Nyasi zilizokatwa wafugaji wanaweza kuzibeba. Ng'ombe wenyewe wangefanya kazi hiyo kwa bei nafuu kuliko mashine, ila kisahani kikitua kwenye walichoacha nyuma, hakuna atakayegombania kukiokota.

Sehemu ya bustani ikipendekezwa kuwa uwanja, ukaguzi usifanywe kiangazi peke yake. Wakaguzi warudi Mei, wakiwa na viatu vya mvua na visahani vichache, warushe kutoka kila mahali pa kuanzia, na wahesabu vingapi wameshindwa kuviona. Mahali ambapo vinapotea, njia ihamishwe kabla kikapu hakijachimbiwa.