Kisolo, shule yenye haina kuta

Maneno yenye yalisemwa katika mukutano wa shirika letu, Dilolo



Leo tuzungumuze juu ya muchezo. Waluba wanauita kisolo, watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanauita bao, na hapa mupakani kila mutu analo jina la kwao. Munaujua: mistari ine ya mashimo, mbegu ao mawe madogo, wazee wawili wameinama, wengine kumi wamesimama wanaangalia. Watu wengi wanasema ni kupoteza wakati. Mimi ninasema ni masomo.

Wengi kati yetu tulivuka mupaka mikono mitupu. Kuna wenye walikimbilia Angola wakati wa vita vya Shaba, 1977 na 1978. Kuna wenye walipitia kambi ya Meheba, kule Zambia, yenye ilifunguliwa mwaka wa 1971. Sahani zilibaki, makaratasi yalibaki. Lakini kisolo haiombi muzigo. Unachimba mashimo katika udongo wa watu, unaokota mawe, unacheza. Akili ile ilisafiri katika kichwa, na imerudi pamoja na sisi.

Ni akili gani? Ya kwanza ni hesabu. Muchezaji mwenye kuzoea anaangalia shimo na kujua kuna mbegu ngapi, bila kuzigusa. Njo akili ile ile mama anatumia sokoni akigeuza kwanza za Angola kuwa franka, bila kalamu, na wanunuzi watatu wanamungojea.

Ya pili ni kuona mbele. Mbegu zinapandwa moja moja. Ya mwisho ikiangukia katika shimo lenye mbegu, unachota tena na kuendelea. Kwa hiyo sherti ujue safari itaishia wapi, na mwenzako atajibu nini. Mutu mwenye anakula karanga zake zote kabla ya mvua, hana ya kupanda. Kisolo inafundisha neno hilo bila fimbo.

Ya tatu, na kwangu ni ya maana zaidi, ni kutumika mbele ya macho ya watu. Mbegu zote ziko wazi. Ukiruka shimo moja, watu kumi wanapiga kelele. Likelemba yetu nayo iwe vile: feza zihesabiwe mezani, kila mutu akiona.

Hata wafalme waliuheshimu muchezo huu. Katika British Museum, London, kuna sanamu ya mbao ya Shyaam aMbul aNgoong, mufalme wa Wakuba wa karne ya 17. Mbele yake muchongaji aliweka ubao wa muchezo. Wakuba wanasimulia kwamba alisafiri mbali, kisha akarudi kwao na ujuzi mupya. Yeye pia alikuwa mutu mwenye kurudi. Hakuna mwenye alimuomba diploma.

Lakini sisi, tukichagua mutunza-sanduku, tunauliza nini? Diploma, na Kifaransa. Mwenye alisoma Kireno ao Kiingereza kambini, ao mwenye hakusoma hata kidogo, anakaa nyuma. Njo maana ninaomba mambo matatu.

Kwanza, kwa uchaguzi wenye unakuja, tuweke watu wawili kwa sanduku: mumoja mwenye kuandika, mumoja mwenye kuhesabu kwa kichwa. Wajaribiwe hadharani, na kila mumoja amuchunge mwenzake.

Pili, wafazili wetu, katika fomu zenu ongezeni mustari mumoja chini ya masomo: «Unajua kufanya nini?» Mutashangaa na majibu.

Tatu, wababa, muwaite wamama na mabinti kwenye ubao. Wao njo wanachunga feza za nyumba, na mara nyingi wanapita tu pembeni.

Nisieleweke vibaya. Kisolo haifundishi kusoma wala kuandika. Kalasi ya watu wazima inabaki lazima. Na siku mutu anaweka feza ya chakula juu ya muchezo, hayo si masomo tena, ni njaa ya watoto.

Muzee mwenye anajua kuhesabu mbegu kwa macho anaweza kuchunga sanduku letu. Tumupatie kiti.