Kutoka Keyenveld Hadi Kisangani

[SAUTI: Treni ya metro inaondoka. Hatua za watu ngazini.]

MTANGAZAJI: Msikilizaji, leo tuko Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, na tumeshuka kituo cha Porte de Namur. Ukitokeza juu tu, unapokewa na harufu ya samaki wa chumvi; wenyewe wanamwita makayabo. Hapa ni Matonge, mtaa wa Wakongo, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Kuna saluni za kusuka, vitenge, mafungu ya sombe, yaani kisamvu. Ukitega sikio utasikia Kifaransa, Kilingala, na mara mojamoja Kiswahili chetu. Tutarudi kula. Kwanza tuvuke barabara.

[SAUTI: Magari. Yanafifia.]

MTANGAZAJI: Dakika kumi hazikufika, tuko Rue Keyenveld. Kimya. Mtaa mwembamba, nyumba zimebanana bega kwa bega. Namba 48 ina kibao ukutani: hapa alizaliwa mwigizaji wa filamu Audrey Hepburn, tarehe 4 Mei 1929. Hakuna tiketi wala foleni.

Mama yake alikuwa wa ukoo wa makabaila wa Uholanzi. Baba aliondoka nyumbani mtoto akiwa na miaka 6. Vita vikamkuta Uholanzi, na katika baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945 watu kule walikula hadi vitunguu vya maua ya tulipu. Alitaka kuwa mcheza baleti, akaenda London kusoma, lakini mwili ulioonja njaa ile haukumfikisha alikotaka. Akageukia jukwaa. Mwaka 1951 mwandishi Colette alimwona Monte Carlo, akamchagua papo hapo kuwa Gigi katika mchezo wa jukwaani wa Broadway. Mwaka 1954 akatwaa tuzo ya Oscar kwa filamu ya Roman Holiday, na ya Tony kwa mchezo wa jukwaani wa Ondine.

Ila filamu iliyonileta mimi mlangoni hapa ni nyingine: The Nun's Story, ya mwongozaji Fred Zinnemann, iliyotoka 1959. Humo Audrey ni binti wa daktari wa Kibelgiji anayeingia utawani, na hamu yake yote ni kwenda Kongo kuuguza wagonjwa. Mapema mwaka 1958 yeye na wapiga filamu wakasafiri kweli hadi Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Wakafika na Yakusu, kando ya mto, ambako Daktari Stanley Browne alikuwa akitibu wenye ukoma. Yeye na wagonjwa wake wamo kwenye filamu.

Itafuteni muitazame mwisho wake. Sista anavua vazi la kitawa, anavaa nguo za kiraia, mlango unafunguka. Anatoka, anashika kichochoro, anakata kona. Kamera haimfuati, inabaki ndani. Muziki hakuna. Kila nikiitazama pumzi inanikaa kooni.

Linaloniuma ni Wakongo wenyewe. Wamewekwa wawe wagonjwa na wasaidizi, maneno yao machache mno. Na Stanleyville ile ndiyo iliyomlea kisiasa Patrice Lumumba, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru! Alikuwa karani wa posta pale pale, akafungwa, akatoka, akahamia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1957, miezi michache tu kabla kamera hazijatua. Mji uliokuwa na watu kama yeye haumo kwenye filamu hiyo.

Audrey alirudi Afrika uzeeni, safari hii bila kamera za Hollywood. Alikuwa balozi wa UNICEF. Ethiopia mwaka 1988. Kisha Septemba 1992 Somalia, akatua Kismayo, pwani ya Wabajuni, akaona watoto wamekonda kama alivyowahi kukonda yeye. Miezi minne baadaye, tarehe 20 Januari 1993, saratani ikamchukua, akiwa na miaka 63.

[SAUTI: Magari. Sauti za watu wakisalimiana.]

MTANGAZAJI: Tumerudi Porte de Namur. Inueni macho: kibao hiki kinasema Square Patrice Lumumba. Uwanja ulizinduliwa tarehe 30 Juni 2018, siku ya uhuru wa Kongo. Karani wa posta wa Stanleyville na sista wa kwenye filamu, majina yao yako mwendo wa dakika kumi, na mgeni anaweza kuyafikia yote mawili kabla ya chakula cha mchana.

Na sombe imeshaiva. Mama anatuita ndani.

[SAUTI: Mlango. Vyombo. Muziki wa rumba unapanda.]