Hesabu ya vita haijafungwa Handeni na Korogwe

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma



Kila ifikapo tarehe 25 Julai taifa husimama kimya kuwakumbuka mashujaa wake. Ngao na mkuki huwekwa penye mnara, mashada ya maua huwekwa, na viongozi wa dini huwaombea marehemu. Hilo ni jambo jema na la lazima. Taifa lisilowakumbuka waliolifia halina haki ya kumwomba kijana yeyote alifie kesho.

Lakini kumbukumbu ni deni, na deni hulipwa kwa daftari. Mwenye nia ya kumlipa mtu haki yake huanza kwa kuuliza: huyu ni nani, ni wa wapi, na anadai nini? Basi yafaa walimu na watumishi wa Handeni na Korogwe waulize swali hilohilo kuhusu vita vilivyopita katika ardhi ya wilaya zao zaidi ya miaka 100 iliyopita. Waliokufa walikuwa wangapi? Majina yao ni yapi? Wamelala wapi? Hesabu hiyo haijafungwa hadi leo.

VITA VYA WENYEWE, MAITI ZA WENGINE

Mwaka 1914 mabeberu wa Ulaya walipoanza kupigana wao kwa wao kwa ajili ya masoko na makoloni, walivileta vita vyao Afrika Mashariki. Hakuna Mzigua wala Msambaa aliyeulizwa maoni yake. Reli ya Tanga, iliyopita Korogwe na kufika Moshi mwaka 1911, ikageuka kuwa njia ya jeshi. Kutoka Mombo Wajerumani wakatandika reli nyembamba ya vitoroli hadi Handeni, ili shehena za vita zipate kusogezwa upande wa Reli ya Kati. Hivyo nchi ya wakulima na wafugaji ikafanywa ghala na kituo cha askari.

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza, yakiongozwa na Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, yaliteremka kwa kuufuata Mto Pangani. Tarehe 9 Juni yalipambana na Wajerumani Mkalamo, penye ile njia ya vitoroli. Tarehe 15 Juni Korogwe ikatekwa, na siku chache baadaye Handeni nayo ikatekwa. Tarehe 24 Juni mapigano yakatokea tena kwenye Mto Lukigura, kusini mwa Handeni. Kisha Smuts akalazimika kupiga kambi penye Mto Msiha, karibu na milima ya Nguru, kwa muda wa wiki kadhaa. Kilichomsimamisha hapo kilikuwa njaa na maradhi kuliko risasi za adui.

Malori yalikwama njiani. Ng'ombe, farasi na nyumbu waliangamizwa na mbung'o. Askari wenyewe walianguka kwa malaria na kuhara damu. Kikosi cha Tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilikuwa na watu 1,135 mwezi Februari 1916. Kufikia Oktoba waliobaki na uwezo wa kusimama mstarini walikuwa 116 tu, ingawa kikosi hicho hakikupigana sana. Ikiwa hayo yaliwapata askari wa Kizungu waliokuwa na madaktari na kwinini, hali ya Mwafrika aliyebeba mizigo yao ilikuwaje?

HESABU YA MZIGO

Mnyama alipokufa na lori lilipokwama, aliyebaki ni binadamu. Mchukuzi alitwikwa mzigo wa kilo 25 hivi. Mwalimu wa hesabu aweza kuligeuza jambo hili kuwa fumbo la darasani. Ikiwa mchukuzi anakula kilo moja ya unga kwa siku, naye anatembea siku 10 kwenda mstari wa mbele na siku 10 kurudi, basi kilo 20 kati ya zile 25 atakuwa amezila mwenyewe njiani. Kitakachomfikia askari ni kilo 5. Jeshi likisonga mbele mwendo wa siku mbili zaidi, askari atapata kilo moja tu. Ndipo huonekana ni kwa nini jeshi lile lilihitaji wachukuzi kwa malaki, na ni kwa nini posho ya mchukuzi ndiyo iliyopunguzwa kwanza chakula kilipopungua.

Waliotumikishwa na Waingereza peke yao katika vita vile wanakadiriwa kufikia watu milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo, Tanganyika na kwingineko. Wengi hawakujitolea. Walikamatwa na majumbe kwa amri ya wakoloni, wakafungwa kamba, wakapelekwa. Mtu wa nyanda za juu aliteremshwa kwenye mabonde ya malaria bila kinga. Mtu aliyezoea ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wala hakupewa muda wala kuni za kuupika ukaiva. Tumbo likaharibika, na kuhara damu kukaua wengi kuliko bunduki.

Hesabu rasmi ya Waingereza ilitaja vifo vya wachukuzi zaidi ya 40,000. Watafiti wa baadaye, walipopekua nyaraka, waliona kuwa idadi ya kweli inakaribia 100,000 au kuizidi. Kwa upande wa Wajerumani daftari kamili halikuwekwa kabisa. Na kwa kuwa Handeni na Korogwe zilibadili mabwana katika mwezi mmoja wa Juni 1916, mtu yuleyule aliweza kubebeshwa risasi za Mjerumani mwezi Mei na unga wa Mwingereza mwezi Julai. Akifa, kila upande ulikuwa na sababu ya kusema si mtu wake.

Wala hesabu haiishii kwa aliyetwikwa mzigo. Majeshi yote mawili yalikula nafaka na mifugo ya wananchi. Mume alipochukuliwa, mke alilima peke yake, na alichovuna kilichukuliwa na jeshi lililopita. Katika Ugogo, njaa iliyofuata, ambayo wenyeji waliiita Mtunya, inakadiriwa kuwa iliua watu 30,000. Mwaka 1918 ikaja homa ya mafua iliyoenea duniani, ikawakuta watu waliokwisha kudhoofika. Wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa raia wa Tanganyika waliokufa kwa sababu ya vita vile, njaa zake na maradhi yake, wanafikia 300,000. Hao hawakuvaa sare, na hakuna mnara unaowataja.

KUSAHAULIWA KWA MAKUSUDI

Pengine atatokea mtu aseme kwamba majina yale yalipotea kwa sababu zama zile zilikuwa za vurugu. Maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita iliyotangaza kanuni njema: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, pasipo kubagua cheo, taifa wala dini. Lakini kanuni hiyo ilipovuka bahari na kufika Afrika Mashariki, ilivuliwa nguo. Wakuu wa kikoloni waliamua kuwa Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina, na kwamba mnara mmoja wa jumla ungemtosha. Utawala wa Gavana Horace Byatt wa Tanganyika uliafiki kwamba makaburi makubwa ya wachukuzi yaachwe yamezwe na pori.

Ndivyo ilivyopatikana ile sanamu ya Askari iliyosimikwa Dar es Salaam mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja askari na wachukuzi kwa jumla, bila jina hata moja la mtu. Mwaka 1968 makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalihamishwa kutoka Barabara ya Ocean kupisha ujenzi wa barabara mpya. Mabaki ya Waafrika ambao tangu mwanzo hawakuwekewa alama ya mmoja mmoja yalizikwa upya katika makaburi ya pamoja. Mzungu alihamishwa na jina lake. Mwafrika alihamishwa na wenzake. Na mahali ambapo wachukuzi walipiga kambi, wananchi leo hununua nyanya na vitenge. Wengi hawajui kuwa jina la Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi.

Ilichukua karne moja wenye kosa kulikiri. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyosema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Radhi ni mwanzo mwema. Lakini radhi hiyo imeombwa kwa watu ambao mwombaji hawajui majina, na kazi ya kuyatafuta majina haiwezi kuachiwa London peke yake.

TAIFA HURU LILIVYOHESABU

Inafaa kulinganisha na mwenendo wa taifa huru. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, Watanzania walipigania nchi yao wenyewe. Vita vilipokwisha mwaka 1979, waliofia nchi walizikwa kwa heshima Kaboya, wilayani Muleba. Waliokufa katika ulinzi wa Msumbiji wamelala Naliendele, Mtwara. Mzazi wa Handeni au wa Korogwe aliyempoteza mwanawe katika vita hivyo anajua pa kuelekeza dua.

Hata hivyo vita vya Kagera navyo vina funzo la kuhesabu. Takwimu zinazotajwa sana ni kwamba askari 373 wa Tanzania walikufa, na kati yao waliouawa katika mapigano hawakufika 100. Waliobaki waliuawa na ajali, maradhi na mengineyo. Raia wa Kagera waliopoteza maisha wanakadiriwa kuwa 1,500. Maana yake ni kwamba mwaka 1979, kama mwaka 1916, anayehesabu waliopigwa risasi tu hupata sehemu ndogo ya gharama. Haki ya kumbukumbu hudai wahesabiwe wote: aliyepigwa risasi, aliyepinduka na gari, aliyekufa kwa homa, na mama aliyekutwa shambani kwake.

KAZI ILIYOPO MBELE

Je, yawezekana leo kuyapata majina ya watu wa mwaka 1916? Mfano upo. Mwezi Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town mnara wa wafanyakazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza bila kaburi linalojulikana. Majina yao, zaidi ya 1,700, yalipatikana kwa watu kuketi na kupekua nyaraka kongwe. Yaliyowezekana kule hayashindikani hapa.

Handeni na Korogwe zina shule katika kila kata, zina ofisi za vijiji, na Korogwe ina chuo cha ualimu cha siku nyingi. Nyenzo hizo zatosha kuanza. Mwalimu wa historia na awape wanafunzi daftari moja la shule, lenye safu chache: jina la aliyechukuliwa, jina la baba yake, kijiji, upande uliomchukua, alirudi au hakurudi, na jina la mzee aliyetoa habari. Pale ambapo jibu halipo, iandikwe wazi kwamba halijulikani. Asibuniwe mtu ili safu ijae, kwa maana jina la uongo ni dharau ya pili kwa marehemu. Afisa mtendaji na ahifadhi nakala ofisini. Afisa utamaduni wa wilaya na azikusanye nakala hizo na kuzipeleka zilinganishwe na kumbukumbu za Nyaraka za Taifa. Mahali ambapo wazee huonyesha kuwa palikuwa na kambi au makaburi, pawekewe alama kabla trekta halijapita.

Kazi hii haihitaji fungu kubwa, lakini inahitaji haraka. Waliowaona wachukuzi kwa macho wamekwisha. Watoto wa wachukuzi nao karibu wote wamekwisha. Wajukuu ndio wazee wa leo, na habari waliyonayo ni ya kusimuliwa: kwamba babu alichukuliwa shambani, kwamba bibi alimngoja, kwamba jina lake akapewa mtoto aliyezaliwa mwaka uliofuata. Kila mazishi ya mzee wa Handeni au Korogwe huenda yanafukia pamoja naye jina ambalo halikuandikwa mahali pengine popote duniani.

Wakoloni walikuwa na karatasi na wino, wakaamua kutoandika. Shule za leo zina karatasi na wino pia. Itakapofika tena tarehe 25 Julai, na wanafunzi wa Handeni na Korogwe wasimame kimya pamoja na taifa, kisha mmoja wao afungue daftari na kuyasoma kwa sauti majina yaliyokwisha kupatikana, hata yakiwa 10.